Fundi Hamidi bin Tambwe na Pikipiki Iliyozidishiwa Hewa

Tarehe 31 Machi 1914, saa kumi na moja jioni, Fundi Hamidi bin Tambwe ataweka nyundo chini na kustaafu kazi katika karakana ya Kampuni ya Ludersen hapa Dodoma. Aliajiriwa tarehe 1 Mei 1891, kule Mpwapwa. Ukihesabu sawasawa, ni miaka ishirini na miwili na miezi kumi na moja. Kampuni, kwa ukarimu, imekubali kuiita ishirini na tatu.

Umri wake hatuwezi kuutaja kwa hakika. Kitabu cha wafanyakazi kilimwandika kuwa na miaka hamsini mwaka 1906, na kwa kuwa hakuna aliyesahihisha, anayo hamsini mpaka leo. Mwenyewe anasema alizaliwa mwaka ambao misafara ilipita Ugogo bila kutozwa hongo, ile kodi ya njia. Wazee wa hapa wanasema mwaka huo haukuwahi kuwapo.

Baba yake, mzee Tambwe, alikuwa mpagazi aliyetoka Unyamwezi na mzigo wa pembe, akaumia mguu Mpwapwa, akabaki. Hamidi alijifunza uhunzi hapo hapo, kwa kutengeneza kufuli, taa na bunduki za wapita njia. Kampuni ilipomwajiri, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuunda magurudumu ya magari mawili ya kukokotwa na ng'ombe. Aliyamaliza kwa wiki tatu. Wiki ya nne sotoka ikaua ng'ombe wote. Magari hayo yalikaa miaka minane yakiwa mazima kabisa.

Mwaka 1898, akiwa Kilimatinde, alichapwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, kwa pampu iliyovunjwa na mtu mwingine. Bwana Reinke, msimamizi wetu wa sasa, alipoisoma rasimu ya wasifu huu aliuliza kama ni lazima jambo hilo liandikwe. Fundi Hamidi aliulizwa, akasema liandikwe. Limeandikwa.

Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910 kampuni ilihamia huku, naye akahama nayo. Hapa ametengeneza vyerehani, mizani, vitanda vya chuma, na kinanda kimoja cha misheni ambacho mpaka leo kinatoa sauti zote isipokuwa moja. Ametengeneza pia saa ya ofisi. Saa hiyo ilikuwa ikikimbia dakika ishirini kila siku, nasi tulikuwa tukitoka kazini kwa kuifuata. Baada ya kuitengeneza, wenzake hawakumsalimia kwa wiki nzima.

Lakini mtu yeyote mjini akitajiwa Fundi Hamidi huuliza habari za pikipiki, kwa hiyo ni bora zielezwe na mtu aliyekuwapo. Mwandishi wa wasifu huu, karani Sila Nhonya, alikuwapo.

Pikipiki ya kampuni ilishushwa kwenye treni mwezi wa Februari 1913. Ilikuwa na silinda moja na mkanda wa ngozi. Haikuwaka mpaka isukumwe na watu wawili huku dereva akikimbia kando yake, kisha airukie. Mara ya kwanza iliwaka, ikaondoka, na dereva akabaki. Ukiacha hilo ilikuwa mashine nzuri. Ilipanda mteremko wa kilima cha Mlimwa bila kulalamika, na hata daktari wa serikali akawa anaiazima kwa safari za mbali.

Bwana Reinke ni mtu mwema anayesoma sana. Katika gazeti moja la mafundi kutoka kwao alisoma kwamba injini ikipewa hewa zaidi hutoa nguvu zaidi. Jumapili moja ya Agosti alikuja karakana peke yake. Akalifungua bomba jembamba lililokuwa likiingiza hewa kwenye kabureta, lenye wavu wa waya wa kuzuia vumbi, akalikata kwa msumeno ili apate pete ya kuungia. Juu ya pete hiyo alifunga tarumbeta ya shaba aliyoiunda mwenyewe, yenye mdomo wa kuingiza chungwa zima. Ilipendeza sana. Alimwita Fundi Hamidi Jumatatu asubuhi aje aione.

"Sasa inapumua," Bwana Reinke alisema.

Fundi Hamidi aliizunguka mara moja. "Na lile bomba la zamani, Bwana?"

"Nimelikata."

"Vyema, Bwana," alisema Fundi Hamidi, akarudi kwenye cherehani alichokuwa akikitengeneza.

Pikipiki iliwaka. Ilizunguka uani mara mbili, ikapiga chafya, ikatema moto kidogo kupitia tarumbeta, ikazima. Bwana Reinke alisema inazoea.

Haikupata siku za kuzoea. Jumanne mchana zilikuja habari kwamba ndui imeingia katika kaya za Meia Meia, safari ya siku mbili kwa miguu upande wa kaskazini. Treni ya siku ile ile ilileta dawa ya kuchanjia, vichupa vidogo vya kioo vilivyofungwa kwa vitambaa vyenye maji. Daktari alikuwa kitandani na homa. Alimwita Elieza, msaidizi wake aliyesomea misheni ya Mvumi, akamwambia kwamba dawa hiyo imekaa melini na njiani siku nyingi kuliko inavyopaswa, na kwa joto hili Alhamisi jioni itakuwa maji tu. Watu wa kuipeleka kwa miguu walikuwa tayari. Bwana Reinke alisema hawahitajiki. Pikipiki itafika Jumatano kabla ya adhuhuri, naye ataiendesha mwenyewe.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi waliondoka, Bwana Reinke mbele, Elieza nyuma na kisanduku cha dawa mapajani. Saa nane mchana walirudi kwa miguu, wamejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, wakiisukuma. Walikuwa wamefika mwendo wa saa moja tu wa pikipiki. Kwenye tambarare ilikwenda kwa kurukaruka, na kwenye kila mwinuko ilipiga chafya, ikachemka kama sufuria, ikazima. Elieza alikuwa amekibeba kisanduku kichwani, amekifunika kwa kofia yake, njia nzima.

Mke wa Fundi Hamidi, Bi Mwanne, alikuwa amesimama langoni.

"Baba Stara, imefika?"

"Imerudi."

"Na dawa?"

"Imerudi nayo."

Bi Mwanne aliitazama ile tarumbeta, akajifunga kanga upya. "Basi itengeneze," alisema, akaenda zake.

Mimi sikuelewa kwa nini alikuja, na sikuuliza.

Bwana Reinke alianza kutafuta kosa. Kwanza alisema petroli ni chafu. Ikachujwa mara mbili kwa kitambaa, chafya zikaendelea. Akasema mkanda unateleza. Ukakazwa. Ikapiga chafya mkanda ukiwa umekazwa. Akasema sumaku ya kutoa cheche imelegea. Akaifungua, akaifunga, na cheche ilikuwa nzuri mwanzo na mwisho. Giza lilipokaribia akasema vali zilirekebishwa vibaya mwezi wa Juni. Vali zilirekebishwa na Fundi Hamidi.

"Zilirekebishwa Juni, Bwana," Fundi Hamidi alisema. "Imetembea vizuri Juni yote na Julai yote. Imeugua Jumatatu."

Karakana ikafungwa.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, Fundi Hamidi alifungua plagi na kuiweka kiganjani. Ilikuwa nyeupe kama majivu. Akanionyesha.

"Sila, plagi ya injini iliyoshiba huwa na rangi ya kahawa. Hii ina njaa."

Bwana Reinke alipoingia alimkuta amewaomba watu wawili waisukume mashine uani. Ilipowaka na kuanza kukohoa, Fundi Hamidi alitembea kando yake, akaweka kiganja kwenye mdomo wa tarumbeta, akaufunika nusu. Kukohoa kukaisha. Injini ikatulia, ikanguruma kama zamani. Akaondoa kiganja, ikakohoa. Akakirudisha, ikatulia.

"Unaiziba!" Bwana Reinke alisema. "Mimi nimeifungua pumzi, wewe unaiziba?"

"Bwana, hewa ni nyingi na petroli ni ile ile. Ni kama uji ulioongezwa maji tu. Sufuria inajaa, lakini watu hawashibi."

Bwana Reinke aliitazama tarumbeta yake. Kisha akakubali tarumbeta ifunikwe kwa ngozi yenye tundu dogo. Hapo uani ilikwenda. Walipoijaribu Mlimwa ikiwa na watu wawili, ngozi ilivutwa ndani, ikapasuka, na mashine ikazima katikati ya mteremko. Ilikuwa saa mbili na nusu.

Waliirudisha karakana. Fundi Hamidi alichukua kopo la mafuta mazito, akapaka mahali tarumbeta ilipoungana na kabureta, akataka iwashwe tena. Mafuta yakanyonywa ndani kwa mlio mdogo, na kwa muda ule mfupi injini ikawa nzuri. Pete iliyokatwa kwa msumeno haikulala sawasawa. Palikuwa na mwanya, na hewa nyingine ilikuwa ikipita hapo bila kualikwa. Alikata kipande cha ngozi laini, akakiloweka mafuta, akakikaza katikati. Chafya zikapungua nusu. Nusu nyingine ikabaki.

"Imebaki tundu la petroli," alisema. "Lipanuliwe kidogo."

Msomaji asiyejua kabureta aelewe hivi: petroli hupitia kwenye tundu moja katika kijiti cha shaba, tundu jembamba kuliko uzi. Likipanuliwa, petroli huongezeka. Likipanuliwa kupita kiasi, injini hulewa, huzama katika moshi mweusi na haiendi tena. Na tundu likishapanuka, hapana anayeweza kulirudisha. Kijiti kilikuwa kimoja. Kingine kilikuwa Ujerumani.

"Hapana," alisema Bwana Reinke. "Usiiguse kabureta. Ukiiharibu, mashine inalala mpaka meli ya Oktoba, na wewe unakula hamsa ishirini. Unanisikia?"

"Nakusikia, Bwana."

"Nakwenda kumwambia daktari kwamba imeshindikana."

Akaondoka. Uso wake, hapana budi kusema, ulikuwa wa mtu anayekwenda kusema jambo gumu kwa mgonjwa. Elieza akabaki amekaa kwenye gogo, akimwagia maji vitambaa vya kisanduku tone kwa tone.

Fundi Hamidi aliniuliza, "Mpaka hospitali na kurudi, ni muda gani?"

"Akienda taratibu, nusu saa."

"Atakwenda taratibu."

Alifungua droo ya vyerehani, akachagua sindano, akaikata ncha na kuanza kuinoa ubavu kwenye jiwe ili iwe na makali. Mikono yake ilikuwa imetulia. Mimi yangu haikutulia, na sikuwa nimeshika kitu.

"Fundi," nilimwambia, "umesikia alichosema."

"Nimesikia. Nilikwisha kula hizo ishirini na tano kwa kosa lisilokuwa langu. Hizi zitakuwa zangu." Akaipuliza sindano. "Stara yuko Meia Meia."

Stara ni binti yake. Nilijua ameolewa na mfanyabiashara wa ng'ombe, lakini sikujua ni wa wapi.

"Ana mtoto," alisema Fundi Hamidi. "Batuli. Miezi saba. Hajachanjwa."

"Kwa nini hukumwambia Bwana?"

"Ningemwambia, mashine ingepona?"

Hilo lilikuwa swali la kweli, na nilipolitafakari niliona jibu lake ni hapana. Nikaenda kusimama langoni.

Alikitoa kijiti, akazungusha sindano ndani ya tundu lake mara tatu, akapuliza, akakirudisha mahali pake. Nikarudi, Elieza na mimi tukasukuma. Mashine ikakohoa. Akafungua, akazungusha mara tatu nyingine. Tukasukuma. Ikakohoa kidogo. Mara ya tatu alizungusha mara mbili tu, akasimama, akakitazama kijiti kwenye mwanga, akaongeza mzunguko mmoja kwa taratibu sana, kama mtu anayetoa kibanzi kwenye jicho la mtoto. Niliona jasho limemwingia machoni na hakulifuta.

Tukasukuma. Iliwaka kabla hatujafika kwenye pampu ya maji iliyo uani. Fundi Hamidi aliifungua hewa yote, tarumbeta wazi kabisa, na injini ikatoa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia, nzito na ya kujiamini. Hakuna chafya. Alifunga kipande cha wavu wa waya kwenye mdomo wa shaba kwa ajili ya vumbi, akafuta mikono.

Sauti hiyo ilifika hospitali. Bwana Reinke alirudi mbio, bila kofia. Alisimama mbele ya Fundi Hamidi akihema.

"Nani amekupa ruhusa?"

"Hakuna, Bwana."

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia nisiiguse. Nimeigusa. Elieza apande?"

Ninavyokumbuka, hapo ilikuwa saa nne kasorobo. Bwana Reinke alimtazama, akaitazama mashine, akalitazama jua. Kisha akachukua miwani yake ya vumbi kwenye msumari, akapanda. Elieza akapanda nyuma na kisanduku. Walipanda mteremko wa kwanza tukiwatazama, na hawakupunguza mwendo.

Alhamisi ile Fundi Hamidi alimaliza cherehani cha watu. Ijumaa alitengeneza kufuli mbili. Bi Mwanne alikuja mara nne kuleta chakula, ingawa siku za kawaida haleti hata mara moja. Mzee alikula chote, na kila upepo ulipovuma kutoka kaskazini alisimamisha tupa yake akasikiliza.

Walirudi Ijumaa alasiri, juu ya pikipiki, wote wawili. Elieza alishuka kwanza, akaja moja kwa moja.

"Tulifika jana, saa nane kasorobo. Tumechanja watu sitini na mmoja mpaka jua linazama. Dawa ilikuwa hai." Akakiweka kisanduku chini. "Nyumba ya jirani ya Stara wamezika mtoto Jumatano. Na mwingine amezikwa leo asubuhi. Tulimkuta tayari anaumwa."

"Jumatano," alisema Fundi Hamidi.

"Ndiyo, mzee."

Siku ya Jumatano mashine ilikuwa ikisukumwa kurudi Dodoma. Bwana Reinke alikuwa amesimama karibu na tangi, mgongo umetuelekea, akifungua skrubu ambayo haikuwa na haja ya kufunguliwa.

"Na Batuli?"

"Nilimchanja mimi mwenyewe, mkono wa kushoto. Alilia, akanishika kidole akataka kukila. Stara anawasalimu. Anasema mama asimtumie unga wa ulezi tena, anao."

Fundi Hamidi alikaa juu ya fuawe. Ni kitu cha chuma cha kupondea vyuma, hakikaliki vizuri, na kwa miaka yote hatukuwahi kumwona amekikalia. Alifunika uso kwa mikono yote miwili, mafuta yakambaki kwenye paji. Baadaye akainuka, akamwita Bi Mwanne kwa jina lake mara mbili kwa sauti kubwa kutoka pale pale alipo, jambo ambalo pia hatukuwahi kulisikia.

Jumamosi asubuhi Bwana Reinke alikifungua kitabu cha makosa ya kazini. Mimi ndiye ninayekitunza, kwa hiyo nilisimama kando yake. Aliandika kwa mkono wake: "Fundi Hamidi bin Tambwe alifungua kabureta baada ya kukatazwa." Kwenye safu ya adhabu alikaa muda mrefu akiwa ameshika kalamu. Mwishowe akaandika: "Kuanzia leo atazifungua zote." Akapiga muhuri. Kisha akaandika kosa la pili, chini yake, na jina lake mwenyewe: kukata bomba zima la hewa, na kukataa wapagazi waliokuwa tayari. Safu ya adhabu aliiacha tupu, na iko tupu hivyo mpaka leo. Wiki iliyofuata alimwomba Fundi Hamidi amfundishe kusoma plagi.

Tangu hapo, kila chombo chenye moto kilichopita Dodoma kimelala angalau siku moja chini ya mikono ya Fundi Hamidi. Pampu ya maji ya stesheni aliitengeneza mara sita, mara tano kati ya hizo kwa ombi. Amewafundisha mafundi wanne, na wote wanafanya kazi, isipokuwa Silvano, ambaye anafanya kazi akisimamiwa. Elieza husema kwamba katika safari zote za kuchanja alizofanya baada ya ile, pikipiki haikumrudisha njiani hata mara moja, ukiondoa siku aliyogongwa na mbuzi. Si kosa la kabureta.

Fundi Hamidi anahamia shamba lake Ipagala, ambako yeye na Bi Mwanne wamejenga nyumba ya tembe yenye milango inayofungika. Batuli, ambaye sasa anatembea, atakuwa anakuja kukaa nao kiangazi. Mafundi wamemchongea kiti cha mninga, ili asikalie tena chuma. Bwana Reinke amempa saa ya mfukoni. Inachelewa kidogo, na mpokeaji amekwisha kuifungua.

Mzee wetu, asante kwa miaka ishirini na mitatu, au ishirini na miwili na miezi kumi na moja. Asante kwa mikono iliyotulia siku ambayo sisi wengine tulitetemeka. Uende Ipagala kwa heri, upumzike kwa afya, ukae na wajukuu. Pikipiki iko salama, na funguo zako tumezipokea. Nasi tuliobaki tunakuahidi kwa dhati kwamba tutajitahidi tusikuite kabla ya Jumatatu.

Sila Nhonya, karani wa karakana, kwa niaba ya wafanyakazi wote